SOMO: ALAMA YA TAABU KATIKA NYAMA YA MWILI

Ndugu msomaji, mama mmoja alikuja hospitalini na uvimbe mgumu katika ziwa lake. Uvimbe haukuuma, kwa hiyo alikuwa ameuacha tangu mvua za mwaka uliotangulia. Munganga alitoa kipande kidogo cha nyama, kama punje ya mchele, ili kitazamwe katika maabara. Lakini kazi ilikuwa nyingi siku ile. Mtu mmoja alikitia kipande kile katika chupa ya maji ya chumvi, asikitie katika dawa ya kuhifadhi. Chupa ilikaa mezani siku mbili katika joto. Ilipofika maabara, nyama ilikuwa imekwisha kuharibika, wala haikuweza kusema neno lo lote.

Mama yule aliambiwa akatwe tena. Alikwenda nyumbani, na hakurudi ila baada ya miezi saba. Siku hiyo uvimbe ulikuwa umepasua ngozi.

Sitataja hospitali ile wala mtu yule. Nataka uone jambo moja tu: kosa lile halikutokea kwa kukosa mashine kubwa au dawa ya bei ghali. Lilitokea kwa sababu ya chupa moja, na kwa sababu aliyeishika hakufahamu kipande kile kinakwenda kufanyiwa nini. Mume wa mama yule naye aliuliza, "Munganga, nyama ya mke wangu mnaipeleka wapi? Mnaifanyia nini?" Swali lake lilikuwa la haki. Somo hili ni jibu lake, na la kila mtu mwenye kushika chupa.

1. CHEMBE NA WATUMISHI WAKE

Mwili wako umejengwa kwa chembe ndogo sana, ambazo wengine huziita seli. Jicho haliwezi kuziona pasipo hadubini. Ndani ya kila chembe wamo watumishi wengi wanaoitwa protini. Protini moja hubeba hewa safi katika damu, nyingine huvuta misuli, nyingine huvunja chakula. Kila protini ina umbo lake, nayo hufanya kazi yake kwa umbo hilo, kama ufunguo unavyofungua kufuli lake. Umbo likiharibika, kazi inakoma.

Tazama ute wa yai. Ukiwa mbichi unateleza, tena ni mweupe kama maji. Utie katika kikaango, nao utaganda, wala hautarudi tena kuwa kama ulivyokuwa. Ute huo ni protini, na moto umeharibu umbo lake. Chembe za mwili nazo zinaogopa jambo hilo. Basi, joto likizidi, au hewa ikikosekana, au sumu ikiingia, chembe inaita watumishi wa namna nyingine. Hao wanashika protini zinazoanza kulegea na kuzisaidia zirudi katika umbo lake, kama jirani mwema anavyokuja kushika boriti wakati nyumba inapoyumba. Hizo ndizo protini za taabu.

Zilijulikanaje? Mtu wa Italia, Ferruccio Ritossa, alikuwa akichunguza nzi wadogo wanaopenda matunda yaliyoiva. Siku moja joto la kabati walimowekwa lilipandishwa bila yeye kukusudia. Alipowatazama kwa hadubini aliona sehemu fulani za urithi wao zimevimba, kana kwamba zimeamshwa kufanya kazi ya haraka. Aliandika habari hiyo mwaka 1962. Mwanzoni wengine waliona ni jambo dogo lisilo na maana. Lakini mwaka 1974 Alfred Tissières na wenzake walionyesha kwamba nzi waliopata joto hutengeneza protini za namna ya pekee. Tangu hapo zimeonekana katika viumbe vingi sana: katika mimea, katika wanyama, na katika mtu.

Iliyo mashuhuri kati yao inaitwa Hsp70. Hesabu 70 inatokana na uzito wake, ambao ni wapata 70,000 kwa kipimo cha dalton wanachotumia wenye elimu ya vitu vidogo kama hivyo.

2. NDUGU WAWILI WANAOFANANA

Hapa pana shida. Protini hiyo ya taabu ina ndugu yake aitwaye Hsc70. Wanafanana sana kama mapacha, ila tabia zao si moja. Hsc70 yumo katika chembe kila siku, hata siku ya amani. Hsp70 ndiye anayeongezeka taabu inapofika. Basi, ukitaka kujua kama chembe zimepata taabu, haifai kumhesabu ndugu wa kila siku. Ukimchanganya na mwenzake utasema kuna moto mahali pasipo na moto.

Ndiyo maana inatakiwa kupata shahidi mwenye jicho kali, anayemjua pacha mmoja na kumwacha wa pili. Shahidi huyo ni kingamwili ya ukoo mmoja.

3. KINGAMWILI YA UKOO MMOJA NI NINI?

Kingamwili ni askari wa damu. Adui akiingia mwilini, chembe fulani nyeupe za damu hutengeneza kingamwili za kumshika. Lakini mwili hautumi askari wa namna moja tu. Mmoja hushika adui mkononi, wa pili mguuni, wa tatu shingoni. Hiyo ni nzuri kwa vita. Kwa kazi ya kupambanua mapacha, si nzuri, maana kati ya askari wengi hao hawatakosekana wanaoshika sehemu ambayo mapacha wote wawili wanayo.

Mwaka 1975, katika mji wa Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein walipata njia. Panya alidungwa kitu kinachotafutiwa kingamwili. Kisha walitoa chembe za wengu wake, zile zinazotengeneza kingamwili. Chembe hizo peke yake hazikai siku nyingi nje ya mwili. Kwa hiyo waliziunganisha na chembe za saratani ya namna fulani, ambazo zinazaana pasipo kukoma. Walipata chembe yenye tabia mbili: inajua kutengeneza kingamwili, tena haifi upesi. Wakaweka kila chembe mahali pake peke yake, ikazaa, na watoto wake wote wakatengeneza kingamwili ileile, bila tofauti. Ndiyo sababu tunasema ni ya ukoo mmoja. Mwaka 1984 wawili hao walipewa tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne.

Wengi wenu mmekwisha kuiona kazi ya kingamwili hizi, ila hamkujua jina lake. Mnapomchoma mtoto kidole na kutia tone la damu katika kipimo cha haraka cha malaria, kingamwili za ukoo mmoja zimepakwa katika kile kikaratasi. Zinashika protini ya mdudu wa malaria, na mstari unatokea. Kanuni ni hiyohiyo katika somo letu. Tofauti ni kwamba katika malaria tunatafuta katika damu, na hapa tunatafuta katika nyama yenyewe, ili tuone ni chembe zipi na mahali gani.

4. KAZI YA MAABARA, HATUA KWA HATUA

Kwanza, kipande kinatiwa katika formalini. Dawa hii hufunga protini mahali pake zisihame wala kuoza.

Pili, maji huondolewa katika nyama kwa alkoli, kisha nyama inazamishwa katika parafini iliyoyeyuka, yaani nta. Nta ikipoa, nyama inakuwa ngumu na kukatika vizuri.

Tatu, inakatwa kwa kisu cha mashine kuwa vipande vyembamba kupita karatasi. Gawanya milimita moja mara 1,000, kisha chukua 4: huo ndio unene wake. Kipande kinalazwa juu ya kioo.

Nne, nta huondolewa. Mara nyingi kioo huchemshwa katika maji yenye dawa, kwa sababu formalini imefunga protini kwa nguvu hata kingamwili haipati mahali pa kushika. Moto huo hulegeza vifungo vyake.

Tano, inatiwa dawa ya kunyamazisha kimeng'enya kilichomo katika damu na nyama yenyewe, kisije kikatoa rangi ya uongo.

Sita, kingamwili ya ukoo mmoja inadondoshwa juu ya kioo. Inatafuta Hsp70, inaishika, na isipoipata huoshwa na kwenda zake.

Saba, inakuja kingamwili ya pili, inayoshika ile ya kwanza. Hii imefungiwa kimeng'enya kiitwacho peroksidasi. Ikipewa dawa yake hutoa rangi ya kahawia. Kisha viini vya chembe hupakwa rangi ya buluu, ili kahawia ionekane wazi.

Sasa mtazamaji anaweka jicho katika hadubini. Palipo na kahawia, ndipo protini ya taabu ilipo.

Lakini mtazamaji mwaminifu hatazami kioo kimoja tu. Pembeni yake anaweka kioo cha nyama ambayo anajua hakika ina protini hiyo. Hicho kisipoleta kahawia, dawa zimeharibika. Tena anaweka kioo kingine ambacho hakikutiwa kingamwili ya kwanza. Hicho kikileta kahawia, rangi inasema uongo. Pasipo mashahidi hao wawili, usiamini jibu. Mtu anayeuza kipimo asiyeweza kukuonyesha mashahidi wake, usimpe fedha yako.

5. KAHAWIA INASEMA NINI, NA HAISEMI NINI

Hapa, msomaji, soma polepole.

Kahawia ya Hsp70 inasema: chembe hizi zina protini ya taabu. Basi. Haisemi ni taabu gani. Joto linaweza kuiita, na kukosa hewa, na sumu kama kadmiamu au arseniki, na jeraha. Chembe za saratani nyingi huwa nayo kwa wingi, kwa sababu zinaishi katika taabu na zinaitumia ili zisife. Ni kama moshi unaouona kwa mbali juu ya paa. Umejua kwamba kuna moto, lakini hujui kama ni mama anapika, au nyumba inateketea, au mtu anachoma majani. Ni lazima uende ukatazame.

Kwa hiyo mtu asidanganyike na kusema, "Nimeonekana na protini ya taabu, basi nina saratani." Wala asiseme, "Sikuonekana nayo, basi ni mzima." Protini hii inasaidia sana watu wa uchunguzi. Munganga haandiki dawa kwa sababu yake peke yake.

Kuna alama nyingine zinazotafutwa kwa njia hii hii, ambazo zinaonyesha dawa. Mfano ni ule uvimbe wa ziwa. Maabara hutumia kingamwili kutafuta mlango wa homoni iitwayo estrojeni. Chembe za saratani zikiwa na mlango huo, mgonjwa anaweza kusaidiwa na vidonge kama tamoksifeni, vinavyoziba mlango. Zikiwa hazina, vidonge hivyo havitamfaa, na munganga atachagua njia nyingine. Unaona sasa kile kipande kama punje ya mchele kilikuwa na neno gani la kumwambia mama yule! Neno lile lilipotea katika maji ya chumvi.

6. HABARI ZA MJI WETU

Lubumbashi ni mji wa shaba. Ulianzishwa mwaka 1910, na tanuru ya kuyeyusha shaba iliwashwa mwaka 1911. Bomba refu la moshi na mlima mweusi wa mabaki ya tanuru ni alama ambazo kila mtoto wa hapa anazijua. Shaba imeleta mishahara na nyumba. Imeleta vumbi pia.

Watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven katika Ubelgiji, walipima mkojo wa watu zaidi ya 300 wa nchi hii ya Katanga, wakatoa habari zake mwaka 2009. Waliokaa karibu na machimbo au viwanda vya kuyeyusha madini, chini ya kilometa 3, walikuwa na kobalti nyingi kupita waliokaa mbali, na madini mengine pia. Mwaka 2020 ilitoka kazi nyingine, iliyofanywa hapa Lubumbashi juu ya watoto waliozaliwa na kasoro za mwili. Ilionekana kwamba kasoro hizo zilipatikana zaidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi ya madini. Kufuatana kwa mambo mawili bado si hakika ya chanzo. Lakini baba mwenye akili akisikia hayo hatangoja mpaka mambo yote yathibitishwe ndipo anawe mikono.

Wengine huuliza, "Basi, si mpime nyama zetu kwa kingamwili, tujue kama sumu imetuingia?" Jibu ni hili. Protini ya taabu ni moshi tu, nayo haitaji jina la madini. Ukitaka kujua kama kobalti au risasi imeingia mwilini, pima kobalti na risasi zenyewe katika mkojo au damu. Si haki kumkata mtu mzima nyama kwa kutafuta habari ambayo mkojo wake ungeitoa pasipo maumivu. Kumkata mgonjwa ni kwa faida yake mwenyewe, na kwa ruhusa yake.

Wakati huohuo, fanyeni haya. Mfanyakazi wa madini na aoge na kubadili nguo kabla ya kushika mtoto. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za nyumbani. Mawe ya madini yasisafishwe mtoni panapotekwa maji. Sakafu na ifutwe kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio mkavu hurusha vumbi. Watoto na wanawe mikono kabla ya kula.

7. HABARI ZA KIKWIT

Mtu asidhani kwamba kazi hii ni ya nchi za mbali tu. Mwaka 1995 ugonjwa wa Ebola uliingia Kikwit katika nchi yetu. Watu 315 waliugua, na wapata 250 wakafa. Kupeleka damu ya wagonjwa mbali kulikuwa na hatari, tena ilihitaji barafu njiani. Watu wa uchunguzi wa Marekani walionyesha kwamba kipande kidogo cha ngozi ya aliyefariki, kikitiwa katika formalini, kinaweza kusafiri pasipo barafu. Formalini inaua virusi. Kule maabara kingamwili zilitafuta virusi katika ngozi ile, na rangi ikasema kama ni Ebola au siyo. Kipande cha ngozi katika chupa iliyotiwa dawa ya haki kiliweza kuonya kijiji kizima.

Tena, kutoka katika damu ya mtu aliyepona ugonjwa ule wa Kikwit ilipatikana kingamwili ya ukoo mmoja ya kutibu, iitwayo mAb114. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa nchi yetu alikuwa katika kazi hiyo. Dawa hiyo ilijaribiwa upande wa mashariki mwa Kongo kuanzia 2018 mpaka 2019, ikaokoa wengi, na mwaka 2020 Marekani iliikubali kuwa dawa ya Ebola.

8. KAZI YETU SISI

Hospitali nyingi hazina mashine za kazi hii. Hata hivyo kila hospitali ina mtu wa kushika chupa. Shika maagizo haya:

Eleza kwanza. Mwambie mgonjwa na jamaa zake kipande kinakwenda wapi, kitatazamwa kwa ajili ya nini, na jibu litarudi lini. Mtu asiyeelezwa ataogopa uchawi, na haki ni yake.

Tayarisha chupa kabla ya kukata. Iwe na formalini ya 10 kwa 100 iliyotengenezwa vema, isiyo na ukali wa asidi. Dawa iwe nyingi mara 10 kuliko nyama.

Usikiweke kipande katika maji, wala maji ya chumvi, wala chupa kavu. Kitie katika dawa mara moja. Saa moja isipite.

Nyama ikiwa kubwa, mwulize munganga aikate vipande, maana formalini huingia polepole sana.

Andika jina juu ya chupa yenyewe, si juu ya kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Andika saa na siku ya kukatwa.

Nyama ya ziwa na isipungue saa 6 katika formalini, wala isizidi saa 72 kabla ya kufika katika hatua ya nta. Kama njia ni ndefu, ulizia safari kabla ya kumkata mgonjwa.

Formalini ni sumu. Vaa mipira ya mikono, funga chupa vizuri, na uiweke mbali na watoto na chakula.

Mwisho, jibu likirudi, mtafute mgonjwa. Jibu linalolala katika kabati halijamponya mtu.

MASWALI

1. Kwa nini ute wa yai uliopikwa haurudi kuwa mbichi? Hilo linatufundisha nini juu ya chembe?
2. Hsp70 na Hsc70 hutofautianaje?
3. Kwa nini maabara huweka mashahidi wawili kando ya kioo cha mgonjwa?
4. Mfanyakazi wa madini anakuomba umkate nyama ili ajue kama ana sumu. Utamjibu nini?
5. Mume anakuuliza, "Nyama ya mke wangu mnaipeleka wapi?" Mjibu kwa maneno yako mwenyewe, kana kwamba amesimama mbele yako. Ukishindwa, rudia somo hili kabla ya kushika chupa tena.